Dakika ishirini za jukwaani: namna ya kuzitazama tamthilia fupi za waandishi chipukizi wa Kampala

Kilima cha Muyenga, kusini-mashariki mwa Kampala, wenyeji hukiita Tank Hill kwa sababu ya matangi makubwa ya maji yaliyojengwa kileleni pake. Kutoka huko juu maji hushuka kwa mabomba kwenda sehemu nyingi za jiji. Chini ya kilima hicho iko Kisugu, mtaa wa tarafa ya Makindye wenye nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangana ukuta kwa ukuta, vibanda vya chapati, kituo cha afya na, ukiendelea kushuka kuelekea Namuwongo, njia ya reli. Wapo wakazi wa huku bondeni wanaonunua kwa jerikani maji yaleyale yanayohifadhiwa juu ya vichwa vyao.

Mwandishi wa riwaya angehitaji sura tatu kuieleza hali hiyo. Mwandishi wa tamthilia fupi anahitaji majerikani mawili, moja likiwa tupu, na watu wawili wasiotazamana.

Tamthilia ya namna hiyo, ya dakika kumi, ishirini au thelathini, imekuwa mlango wa kwanza wa waandishi wengi wa Afrika Mashariki, na Kampala ina historia ndefu ya mlango huo, jinsi ulivyofunguliwa na jinsi ulivyofungwa. Hata hivyo watazamaji wengi, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi katika jiji ambalo lugha ya sokoni na ya jukwaani ni Kiganda, hutoka ukumbini na lalamiko moja: mchezo umekwisha kabla haujaanza. Lalamiko hilo linastahili kujibiwa. Mara nyingine ni la haki kabisa. Mara nyingine hutokana na kutafuta katika tamthilia fupi kitu ambacho haikukiahidi.

Mazoea ya jioni nzima

Mtazamaji wa Kampala amelelewa na maonyesho marefu. Makundi kama The Ebonies na Bakayimbira Dramactors yalijenga hadhira kubwa kwa michezo ya Kiganda inayojaza jioni nzima. Humo ndoa huvunjika na kuungwa tena, mirathi hugombewa, tajiri huumbuliwa mbele ya watumishi wake, na nyimbo huimbwa katikati ya yote hayo. Raha ya michezo hiyo ni wingi wake. Mtu anaweza kufika akiwa amechelewa nusu saa, akatoka kununua njugu, akarudi, na bado akaifahamu hadithi, kwa kuwa wahusika hurudia mambo makubwa na waigizaji wazoefu hujua kumngoja mtazamaji acheke mpaka ashibe.

Hakuna ubaya katika hayo. Ni sanaa yenye kanuni zake na mabingwa wake. Lakini aliyezoea karamu hiyo akiingia kutazama mchezo wa dakika ishirini, macho yake hubaki yakitafuta vitu ambavyo havimo: historia ya kila mhusika, kisa cha pembeni cha kuchekesha, adhabu ya mbaya na tuzo ya mwema. Aliyechelewa dakika tano amekosa robo ya mchezo, na pengine amekosa jambo lenyewe.

Tamthilia fupi inakaribiana zaidi na kitendawili. Mtegaji husema maneno machache, tena ya kawaida, kisha hunyamaza. Kazi inayobaki ni ya aliyetegwa. Tofauti ni kwamba kwenye kitendawili aliyeshindwa hutoa mji na kupewa jibu. Jukwaani hakuna anayeomba mji, na jibu halitolewi.

Jeraha lililonyimwa ukumbi

Jumba la Michezo la Taifa, lililoko karibu na Bunge katikati ya Kampala, lilifunguliwa mwaka 1959. Mwaka huohuo kijana mmoja kutoka Limuru, Kenya, alijiunga na Chuo Kikuu cha Makerere. Wakati huo aliitwa James Ngugi. Ulimwengu ulikuja kumjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Mabweni ya chuo yalikuwa na desturi ya kushindana kwa michezo mifupi, na Ngũgĩ, aliyekaa bweni la Northcote ambalo leo linaitwa Nsibirwa, aliandika tamthilia mbili za tendo moja: The Rebels na The Wound in the Heart.

Ya pili inamhusu mpiganaji wa Mau Mau anayetoka kizuizini na kurudi kijijini. Habari anayoikuta ni kwamba mkewe amebakwa na afisa Mwingereza. Mwaka 1962, miezi michache kabla ya uhuru wa Uganda, mchezo huo ulizuiwa kuingia katika Jumba la Michezo la Taifa kwa ajili ya tamasha la maigizo. Katika kumbukumbu zake za miaka ya Makerere alizozichapisha mwaka 2016, Ngũgĩ anaeleza sababu aliyopewa: afisa Mwingereza hawezi kutenda jambo kama hilo.

Inafaa kulitazama tukio hilo kwa makini, kwa kuwa linasema mengi kuhusu umbo lenyewe la tamthilia fupi. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, mchezo mrefu wa Ngũgĩ, The Black Hermit, uliigizwa katika ukumbi uleule. Mchezo mrefu una vyumba vingi. Msimamizi asiyependa jambo moja anaweza kujifariji kwa jambo jingine. Wimbo mzuri au kichekesho huweza kulifunika neno kali. Mchezo mfupi una chumba kimoja na taa moja. Ukikiondoa kitendo kilichomo, hakibaki kitu. Wakubwa wa tamasha walielewa vyema walichokuwa wanakisoma, pengine kuliko watazamaji wengi ambao wangekishangilia.

Tamthilia hizo mbili zilitoka katika kitabu kimoja mwaka 1970 pamoja na ya tatu, This Time Tomorrow, iliyoandikwa kwa ajili ya redio. Hiyo ya tatu inahusu mama muuza supu katika kitongoji cha Nairobi ambacho serikali ya baada ya uhuru inataka kukibomoa ili jiji lionekane safi. Mkazi wa kando ya reli ya Namuwongo, aliyewahi kusikia mngurumo wa tingatinga la jiji, hatahitaji kuelezwa mama huyo anazungumzia nini.

Jukwaa linalobebeka

Ufupi ulikuwa na faida nyingine isiyohusu sanaa hata kidogo: ulibebeka. Mwaka 1965 wanafunzi na walimu wa Makerere, mhadhiri David Cook akiwa miongoni mwa viongozi wao, walianzisha ukumbi wa michezo wa kusafiri. Walizunguka mijini na vijijini wakiigiza viwanjani na katika kumbi za shule, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Kundi linalosafiri kwa gari haliwezi kubeba mandhari ya kasri wala maleba ya watu arobaini. Linabeba viti viwili, kitambaa, ngoma na michezo mifupi kadhaa, ili hadhira isiyopenda mmoja ivumilie ikisubiri mwingine. Mwaka 1968 Cook na Miles Lee wakakusanya tamthilia fupi za eneo hili katika kitabu cha Kiingereza, na kwa miaka mingi kikawa ndicho kielelezo cha vijana waliotaka kujua mchezo mfupi wa Afrika Mashariki unafananaje.

Miaka ya Idi Amin ilibadilisha maana ya ukimya jukwaani. Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi walielekea kwenye michezo ya miili, nyimbo na sauti, ambamo maneno yalipunguzwa sana. Mkaguzi wa serikali hupata taabu kulipiga kalamu bega linalotetemeka. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Michezo la Taifa na mtunzi wa Oluyimba lwa Wankoko, alikamatwa na maafisa wa usalama mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi kutoka tamasha la sanaa za Kiafrika mjini Lagos, akauawa. Mwandishi yeyote wa Kampala anayeshika kalamu leo anaijua habari hiyo, hata kama hakuwa amezaliwa.

Wala ukaguzi haukuisha na utawala ule. Mwaka 2012 Baraza la Vyombo vya Habari la Uganda halikuridhia mchezo wa The River and the Mountain, uliomhusu mfanyabiashara mwenye kupenda watu wa jinsia yake. Mchezo ulipoonyeshwa katika kumbi ndogo za jiji, mtayarishaji wake Mwingereza, David Cecil, alikamatwa, na mwaka uliofuata akafukuzwa nchini.

Katika mazingira hayohayo kizazi kipya kimepata njia zake. Redio ilikuwa mojawapo: mwaka 2010 Deborah Asiimwe wa Uganda alishinda shindano la BBC la tamthilia za Afrika kwa mchezo wake Will Smith Look Alike. Mwaka 2014 yeye na wenzake wakaanzisha Tamasha la Kimataifa la Maigizo la Kampala. Pamoja na maonyesho kamili, tamasha hilo limetoa nafasi kwa usomaji wa jukwaani, yaani waigizaji kusimama na makaratasi mkononi na kuisoma kwa sauti tamthilia ambayo bado inaandikwa. Mtu aliyezoea maleba na taa anaweza kuudharau usomaji huo. Angefanya kosa. Hakuna mahali pengine ambapo mtazamaji husikia mchezo ukiwa bado unaweza kubadilika.

Bomba moja, kufuli moja

Ili kuona jinsi mchezo mfupi unavyofanya kazi, chukulia mfano wa kubuni, uliowekwa Kisugu. Uani pana bomba moja, nalo limefungwa kufuli. Ni alfajiri. Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu anayeuza vitenge, amesimama na jerikani tupu. Kato, kijana Mganda mwendesha bodaboda na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, anaosha pikipiki yake kwa kitambaa kilicholowa. Wanazungumza Kiswahili, kwa sababu Kato alikiokota barabarani na Mama Furaha bado anababaika katika Kiganda.

"Mwenye nyumba amesema bomba ni la wapangaji waliolipa, Mama Furaha."

"Mimi nimelipa, mwanangu."

"Sijasema hujalipa."

Mistari mitatu imepita, na mchezo umekwisha kuanza. Mtazamaji makini ameona mambo ambayo hakuna aliyeyataja. Kitambaa cha Kato kimelowa, kwa hiyo maji ameyapata mahali. Kato anatumia maneno ya mwenye nyumba, na bila shaka alizungumza naye jana. Jibu lake la mwisho ni la mtu anayejikinga, ingawa hakushtakiwa. Mwandishi mchanga asiyejiamini angeongeza hapo mstari wa nne: "Kato, mbona unazungumza kama wakala wa mwenye nyumba?" Mstari huo ungewafurahisha waliokaa nyuma, na ungeuua mchezo. Jambo lililokuwa likifukuta lingekuwa limekwisha kuwaka na kuzimika.

Hapa pana kipimo cha kwanza ambacho mtazamaji anaweza kutoka nacho nyumbani: ni kitu gani kila mmoja anakitaka, na kwa nini hakisemi? Mama Furaha hataki maji peke yake. Anataka Kato akiri kwamba yeye ni mpangaji kama wengine. Kato naye anataka aendelee kupendwa na mama huyu huku akibaki na ufunguo mfukoni. Matakwa hayo mawili hayawezi kutimia kwa pamoja, na dakika kumi na saba zilizobaki ni za kungojea lipi litavunjika.

Kipimo cha pili ni vitu. Katika mchezo wa saa tatu, kiti ni kiti. Katika mchezo mfupi, kitu kilichowekwa jukwaani kimelipiwa nauli, na lazima kifanye kazi. Kufuli inatazamwa na kila aingiaye. Jerikani tupu linapopigwa teke kwa bahati mbaya hutoa mlio mkubwa kuliko sauti ya mtu. Mwongozaji mwerevu atauacha mlio huo usikike mara moja tu.

Kisha kuna asiyekuwepo. Mwenye nyumba wa mchezo huu hatokei kamwe. Anasikika akikohoa nyuma ya ukuta, taa ya chumba chake inawashwa, basi. Waandishi wa tamthilia fupi hupenda mhusika wa namna hiyo kwa sababu za uchumi, maana mwigizaji wa tatu anataka malipo, lakini faida yake ni kubwa kuliko uchumi. Mtu tunayemwogopa bila kumwona hukua. Angeingia na shati lake la kawaida na malapa, angekuwa mzee mmoja wa Kisugu anayedaiwa ada za shule za wajukuu.

Neno la heshima linapogeuka ukuta

Lugha ndiyo sehemu ambayo msemaji wa Kiswahili anaweza kuisikia vizuri kuliko mtazamaji mwingine yeyote wa Kampala. Katika mfano huu Kato humwita jirani yake "Mama Furaha" kwa Kiswahili. Taa ya mwenye nyumba inapowashwa, anabadilika na kumwita "nnyabo". Ni neno la Kiganda la adabu kamili, ambalo mwanaume humwambia mwanamke yeyote sokoni au ofisini. Hajamtukana, amemheshimu. Lakini kwa kumheshimu kwa neno hilo amemwondoa kwenye ujirani na kumrudisha kwenye ugeni, na mwenye nyumba nyuma ya ukuta amesikia. Hakuna hotuba kuhusu ukimbizi inayoweza kufanya kazi hiyo kwa silabi mbili.

Kiswahili kina deni la muda mrefu na masikio ya Uganda. Wengi walikijua kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa lugha ya amri za askari, na katika hadithi na michezo mingi kimebaki kikitumika hivyo: akitakiwa mwanajeshi, polisi au jambazi, mwandishi humpa Kiswahili kilichovunjikavunjika, na hadhira hucheka au husisimka. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili baada ya Kiingereza, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Hayo ni maamuzi ya karatasi. Jukwaani swali ni dogo na gumu zaidi: je, hadhira ya Kampala iko tayari kumsikia mama akibembeleza, kijana akitongoza au mzee akiomboleza kwa Kiswahili, bila kungojea bunduki itokee?

Jibu halitatoka wizarani. Litatokana na waandishi wanaokaa Makindye, Nsambya, Katwe na Kisugu, baadhi yao wakiwa watoto wa Wakongomani, Wakenya au Warundi, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kugombezwa na kupikiwa. Tamthilia fupi inawafaa kwa sababu haiwadai ukumbi mkubwa wala wafadhili wengi. Inawadai watu wawili watatu waliofanya mazoezi na hadhira ya watu thelathini wanaonyamaza panapotakiwa.

Tena msemaji wa Kiswahili hapaswi kuliona umbo hili kama kitu cha kigeni. Pwani imekuwa na vichekesho, vipande vifupi vilivyoigizwa katikati ya nyimbo za taarab wakati wapigaji wakipumzika. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliuchukua utamaduni huo na kuujengea mchezo wake Alikiona, uliochapishwa mwaka 1970 pamoja na Wakati Ukuta katika kitabu Michezo ya Kuigiza. Wakati Ukuta unaanza na jambo dogo la nyumbani: msichana Tatu anataka kwenda sinema, na mama yake hataki. Hussein alikuwa bado kijana wa ishirini na kitu. Anayetaka kujua namna ugomvi wa tiketi ya sinema unavyoweza kubeba mgongano wa vizazi viwili, na aone ni mambo mangapi mama na binti wanayazunguka bila kuyagusa, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu.

Pale lalamiko linapokuwa la haki

Kuwathamini chipukizi hakumaanishi kuwapigia makofi kwa kila kitu. Kuna kasoro zinazojirudia, na mtazamaji mwema ni yule anayezitambua.

Kubwa kuliko zote imeletwa na warsha. Tangu miaka ya 1980, Ukimwi ulipoanza kuangamiza watu Uganda, maigizo yalitumiwa sana kuelimisha jamii, na yaliokoa maisha. Makundi mengi ya vijana bado hupata malipo yao ya kwanza kwa kuigiza ujumbe: nawa mikono, pima afya, usiozeshe binti mdogo. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini mkono uliozoea kuandika ujumbe huona taabu kuandika mtu. Katika dakika ya kumi na nane mhusika mmoja husimama, huigeukia hadhira, na kutoa somo. Kama Mama Furaha angesimama na kusema kwamba wakimbizi nao ni binadamu, kila mtu ukumbini angekubali, na hakuna ambaye angekwenda nyumbani akiwa na usumbufu wowote moyoni. Afadhali angelikaza kimya kile kitambaa cha Kato mpaka maji yatiririke kwenye jerikani lake.

Kasoro nyingine ni mwisho wa kukimbia. Mwandishi hajui atokeje, basi anamuua mtu. Kifo katika dakika ya mwisho, kwa risasi au kwa simu kutoka hospitali, mara nyingi ni dalili kwamba mgogoro uliokuwapo haukutosha. Hapo mtazamaji anayelalamika kwamba mchezo haukukamilika ana haki yake.

Ila mwisho ulioachwa wazi ni jambo jingine, na kuzitenganisha hali hizi mbili kunataka uzoefu. Chukulia mchezo wa bomba unaishia gizani, jukwaa likiwa tupu, na sauti ya maji yakijaza jerikani. Hatujui nani amefungua kufuli. Je, ni Kato aliyetubu? Ni mwenye nyumba? Au Mama Furaha amepata ufunguo kwa njia ambayo hatungependa kuijua? Mwisho huo umekamilika ikiwa kila moja ya majibu hayo inaweza kutetewa kwa mambo tuliyoyaona. Ukiwa ni fumbo la bahati nasibu tu, ambalo jibu lolote lingelitosha, basi mwandishi amekwepa kazi.

Kutazama michezo mitatu kwa jioni moja, kama inavyofanyika pale tamthilia fupi zinapopangwa pamoja, kunaleta ugumu wake. Mchezo wa pili huathiriwa na wa kwanza. Kichekesho kizuri huweza kuufanya msiba unaofuata uonekane wa kujifanya. Watazamaji wenye uzoefu hutumia mapumziko kunyoosha miguu na kuepuka kuulinganisha mchezo mmoja na mwingine mpaka jioni imalizike. Wengine huandika sentensi moja kwa kila mchezo, kitu walichokiona na si walichokihisi: kitambaa kimelowa, amemwita nnyabo, taa imewaka. Kesho yake sentensi hizo huwarudishia mchezo mzima, jambo ambalo neno "nzuri" haliwezi.

Baada ya maonyesho na usomaji wa aina hii, mwandishi mara nyingi huketi mbele na hadhira hualikwa kuuliza. Maswali huwa yaleyale: ulipata wapi wazo, ujumbe wako ni nini. Mwandishi chipukizi huyajibu kwa adabu na hajifunzi chochote. Swali linalomfaa ni la mtu aliyekuwa akitazama: kwa nini Kato hakuuficha ufunguo mapema, au kwa nini Mama Furaha alisubiri mpaka alfajiri ilhali alijua tangu jana usiku kwamba bomba limefungwa. Swali kama hilo humfanya mwandishi afungue makaratasi yake palepale, mbele ya watu, na kutafuta ukurasa.